Mtunzaji wa Neno Moja

"Kolofu, maana yako nini?"

Swali hilo niliulizwa karibu kila siku kwa miezi mitano, nikiwa darasa la saba, na sikuwahi kulijibu. Kusema nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa na kwa uso mkavu, kama mtu anayetaja jina la baba yake. Lakini kujibu sikujibu, kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Mwezi uliopita niliulizwa tena. Nilikuwa nimerudi Karatu baada ya kumaliza chuo kikuu, nikisubiri kupangiwa kazi, na mama alinituma mnadani nikatafute sufuria. Ilikuwa siku ya vumbi, ng'ombe wanalia upande mmoja, wauza mitumba wanalia upande mwingine. Nikiwa nimeinama juu ya sufuria, naikagua kama ina kiraka, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Kolofu! Kolofu, maana yako nini?" Nimesoma miaka yote hii, nimebishana na maprofesa, na bado maneno manne yaliweza kunirudisha kwenye dawati la mbao, mikono ikiwa baridi, natafuta pa kujificha.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana usipolijua darasa letu utadhani ulikuwa mchezo wa watoto tu.

Shule yetu ilikuwa juu ya mteremko, kando ya barabara ipandayo kwenda Ngorongoro, mahali ambapo ukungu wa msituni hushuka alfajiri na kukaa mpaka saa nne, kama mgeni asiyejua kuaga. Kiangazi tulifika miguu myekundu kwa vumbi. Masika tulifika miguu myekundu kwa tope. Kila mmoja alibeba ukuni mmoja na kidumu cha maji, na siku za shamba la shule, jembe. Ilikuwa ile miaka ambayo ukiingia dukani unakuta rafu tupu, mwenye duka, na mizani yake. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa ya kubahatisha. Chai tuliinywa na kipande cha boga la kuchemsha ili ulimi udanganyike. Nguo tulifulia majivu. Na madaftari yalikuwa adimu kuliko sukari. Mimi nilikuwa na moja kwa masomo yote, naandika mpaka pambizoni, na likijaa naligeuza juu chini na kuandika katikati ya mistari. Bibi alinishonea jingine kwa karatasi za mfuko wa saruji, lakini penseli ilipita juu yake kama kwato kwenye mwamba. Haikuacha alama.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Mbulu, mwenye kikohozi na sweta la kijani lililotoboka viwiko. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja shule nzima, na kilikuwa chake. Kona moja imeliwa na mchwa. Mwishoni mwa kitabu hicho palikuwa na orodha ya vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea viwili viwili: neno unalolijua, likafuatwa na kijineno kidogo, na mara maana inahama nyumba. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa. Mwalimu alisema mtihani wa darasa la saba unavipenda sana, kwa sababu mtoto hawezi kuvikisia. Ama unavyo, ama huna.

Na mtihani ule ndio uliokuwa mlango pekee. Darasa letu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Mwaka uliotangulia walichaguliwa wawili kwenda sekondari, na mwaka wa kabla yake hakuchaguliwa hata mmoja. Dada yangu mkubwa alikuwa kwenye ule mwaka wa hakuna. Matokeo yalipokuja alikuwa shambani anapalilia maharage, akaambiwa, akaendelea kupalilia. Krismasi ilipofika alikuwa ameshaolewa Mbulumbulu. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa na mtu maana ya kukosa.

Mwalimu alipoona hatuna pa kuandika, alifanya jambo ambalo sijalisikia kwingine.

"Nyumbani kwenu," alituuliza asubuhi moja, "ng'ombe wote mnawalaza zizi moja?"

"Hapanaaa!"

"Kwa nini?"

"Ugonjwa ukija utawamaliza wote, mwalimu!"

"Basi. Leo nawagawia ng'ombe wangu."

Kama hukukulia kwetu nikufafanulie. Mzee mwenye ng'ombe kumi, ukienda kwake huenda ukakuta watatu tu. Wengine amewaweka kwa shemeji, kwa jirani, kwa rafiki aliye ng'ambo ya bonde. Mtunzaji anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi, ili mwenyewe ajue kwamba hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Bibi yangu alitunza wawili wa watu ndani ya nyumba yake ya tembe, ile ya zamani iliyochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo. Niliwahi kumuuliza mbona mwenye ng'ombe akija haendi kuwakagua, anakaa tu anaulizia watoto na mvua. Bibi akasema: "Ng'ombe wa mtu akikonda, mtunzaji haambiwi. Analetewa majani."

"Na asipoelewa, bibi?"

"Ukiletewa majani na bado hujaelewa, dasi," alisema, akiniita msichana kwa lugha yetu, "basi anayehitaji kulishwa si ng'ombe."

Akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Niliona ni njia ndefu ya kusema jambo fupi.

Basi mwalimu akatugawia. Watoto arobaini na mmoja, vitenzi arobaini na kimoja, kila mtoto kimoja. Cha kwako unakishika kichwani pamoja na maana yake na mfano wake, na yeyote akija kukuuliza lazima umpe. Kumwendea mwenzako kuuliza tukakuita kukamua. "Nimekuja kukukamua," mtu anakuambia saa ya mapumziko, na wewe unatoa. Ukisahau unakwenda mbele ya darasa, unasema, "Mwalimu, neno langu limekufa, nimeleta ngozi." Wenzako wanacheka mpaka wanachoka, mwalimu anakupa upya, mambo yanaisha. Haikupita wiki majina yetu ya ubatizo yakawa yamesahaulika. Kijana mmoja aliyetoka upande wa Endulen, aliyekaa kwa mjomba wake ili asome, alipewa "run out of", yaani kuishiwa, akawa Ranauti. Huyo hakupata shida ya mifano. Kila nyumba ilikuwa imeishiwa na kitu. Rafiki yangu wa dawati alipewa "put on", kuvaa, akawa Putoni. Mimi nilipewa "call off", nikawa Kolofu.

Sasa nikuambie nilivyolipoteza neno langu siku ile ile nilipopewa.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Mpaka leo ndivyo nilivyo, na sijui kama ni sifa au ni ugonjwa. Zamu yangu ilipofika, mwalimu kabla hajanipa maana, nilinyoosha mkono na kuuliza kwa nini Waingereza watumie maneno mawili kwa jambo moja, na nani aliwaruhusu. Mwalimu alikuwa amechoka, kikohozi kimemkaba tangu asubuhi. Akasema, "Wewe kesho utauliza kwa nini ng'ombe ana miguu minne na aliulizwa na nani." Darasa likalipuka. Ranauti alipiga dawati kwa viganja. Ndani ya kicheko kile mwalimu alitamka maana ya "call off", na midomo yake niliiona ikitembea. Masikio yangu yalikuwa yamejaa moto. Sikusikia neno. Akamwendea aliyefuata.

Ningeweza kuleta ngozi kesho yake. Fikiria, ni kicheko kimoja tu. Lakini nilikuwa nimetoka kuchekwa, na niliapa kwamba darasa lile halitanicheka tena mwaka ule. Nikasema nitamwendea mwalimu pembeni, Ijumaa. Ijumaa kikohozi chake kilitoa damu kwenye leso. Jumatatu Landrova ya misheni ikamchukua kwenda hospitali, na kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wake. Mwalimu mkuu, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alisimama mlangoni akasema: "Ng'ombe si mmeshagawiwa? Kamuaneni."

Jioni ile ile Putoni alikuwa wa kwanza. Tulikuwa tunachota maji kwenye kijito. "Nimekuja kukamua," alisema, kidumu kikiwa kinagugumia majini. "Kolofu, maana yako nini?"

Nikafikiri haraka. "Call" ni kuita, hilo nalijua. "Off", nilikuwa nimelisikia mahali, likanijia kama kitu kilicho kule, kilichotoka, kilicho mbali. "Ni kumwita mtu aliye mbali," nikasema. Na kwa kuwa mwongo hukimbilia mfano, nikaongeza: "Kama mchungaji anavyomwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde."

Putoni alinitazama. Akarudia polepole. Akajitwisha kidumu chake, tukapanda kilima.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoingia, na haukutoka. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, kiongozi wa darasa alituzungusha: kila mmoja anasimama, anatamka neno lake na maana, wengine wanarudia kwa pamoja. "Run out of: kuishiwa!" Arobaini wanaitikia. "Put on: kuvaa!" Wanaitikia. Nilianza kuhesabu madawati tangu mbele, nikisikia zamu inavyonijia kama mtu anayetembea kwenye majani makavu. "Call off," nasema, "kumwita mtu aliye mbali." Na arobaini wanarudia uongo wangu. Nilidhani ni baridi, lakini nilikuwa nikisikia sauti zao zikishuka kidogo zinapofika kwangu. Nilijiambia wamechoka. Niko karibu na mwisho wa mstari.

Mchana tulikuwa shambani tunavuna ngano ya shule kwa mundu, migongo inauma, na mara ungesikia mtu anajisemea vitenzi kama rozari. Nilikuwa nasikiliza kama watasema changu. Nilishindwa kula. Mama alidhani ni minyoo, akanipikia mizizi chungu, nikainywa yote kwa sababu niliona nastahili kitu kichungu. Usiku koroboi ikizimwa, nilikuwa nikifikiri: kama swali likija, watoto arobaini watalikosa kwa ajili yangu. Kwenye mtihani unaochagua wawili, swali moja si swali moja. Ni mtu.

Nilijaribu kutafuta maana. Nilimuuliza padri siku ya misa, lakini alikuwa Mtaliano, akaniambia Kiingereza chake ni kibaya kuliko changu. Nilisimama kando ya barabara kuu siku mbili nikisubiri gari la watalii lisimame. Miaka ile mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, magari yalikuwa machache, na machache hayo yalipita na kuniachia vumbi. Mzungu mmoja mwanamke alinipungia mkono. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi nzima mdomoni. Nikaimeza pamoja na vumbi lake.

Kitu kimoja hakikunijia akilini, na hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Baba yake Putoni alikuwa mhudumu wa hoteli, moja ya zile za kule juu, ukingoni mwa kreta. Watalii walipopungua aliambiwa arudi nyumbani akasubiri kuitwa. Alikuwa anasubiri kwa mwaka wa nne. Koti lake jeupe lilining'inia kwenye msumari ukutani, limefunikwa kwa gazeti, na kila Jumamosi alipaka viatu vyake vyeusi dawa aliyochanganya kwa masizi na mafuta ya kondoo, halafu akavirudisha chini ya kitanda. Kijijini walimwona mtu wa ajabu kidogo. Mimi nilimwona mtu wa kubeba sahani. Kwamba kichwani mwake kulikuwa na Kiingereza kingi kuliko shule nzima, sikufikiri. Nilikuwa nahoji kila kitu isipokuwa dharau yangu.

Putoni alianza kunisimulia habari za baba yake. Mara ya kwanza tulikuwa tunatafuna mahindi ya kuchoma, nyuma ya ghala la shule. "Baba anasema," aliniambia, "masika barabara ya kushuka kreta inakuwa sabuni tupu. Wageni wameshavaa kofia, wamebeba kamera, chai wameshakunywa. Meneja anatoka, anawaambia safari ya leo ni 'called off'. Wananuna hao! Mmoja alilia."

"Alilia nini? Ni kuita tu," nikasema. "Meneja anawaita madereva walio mbali."

Putoni akatafuna. "Labda," akasema.

Wiki iliyofuata alirudia. Safari hii aliongeza kwamba baada ya tangazo lile baba yake alilazimika kupanga meza upya, maana wageni wote walibaki hotelini kucheza karata. Alinitazama usoni alivyokuwa akisema "walibaki". Mimi nilikuwa na jambo langu: nilimwambia baba yake anapenda kusimulia kwa kuwa hana kazi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huuma anayemkaribia. Putoni hakusimulia tena.

Siku ya mtihani kulikuwa na ukungu mzito. Maswali yaliletwa na watu wawili na askari mmoja, ndani ya bahasha zilizotiwa lakiri, na sisi tulikalishwa mbali mbali, kila mtu na penseli yake. Kiingereza kilikuja baada ya mapumziko. Niligeuza ukurasa wa pili, nikaliona. Lilisema mchezo wa mpira ulikuwa "called off" kwa sababu ya mvua kubwa, chagua maana. Nikasoma herufi moja moja. B ilisema wachezaji waliitwa kutoka mbali. C ilisema mchezo haukufanyika.

Mvua kubwa. Mchezo. Tope kama sabuni. Nilimwona meneja mlangoni, wageni wanavua kofia, baba yake Putoni anapanga meza upya. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa mara moja, kama mtu amewasha taa. Ilikuwa C. Haikuwa na shaka hata kidogo.

Nikatazama migongo iliyokuwa mbele yangu. Ranauti alikuwa ameinamia karatasi, masikio yake yametokeza. Putoni alikuwa safu ya pili, sweta lake limetatuka bega. Wote hao nilikuwa nimewapa B. Miezi mitano niliwapa B, kila asubuhi, na wao wakairudia. Na sasa mimi nichague C, nipite mlangoni peke yangu, niwaache nje na uongo wangu mikononi? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikujua neno lolote la falsafa. Nilijua tu kwamba mtunzaji hawezi kunywa maziwa ng'ombe akiwa amekufa. Nikachora B. Kama ni kuzama, nikajiambia, nizame pamoja nao.

Nilipotoka sikusubiri mtu. Nilisikia wenzangu wakikusanyika barazani, wanaitana, wanalinganisha majibu, mtu akaita "Kolofu!" Nikakimbia. Nilikimbia njia nzima mpaka kwa bibi, nikaingia ndani ya tembe, nikakaa gizani kati ya ndama mpaka jioni. Bibi aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaendelea na kazi zake.

Matokeo yalikuja mwezi wa kumi na mbili. Walichaguliwa wawili, mvulana mmoja na mimi.

Watu walimpongeza mama. Mimi nilikaa kama mwizi anayepongezwa kwa nguo mpya. Putoni alikuja kuniaga, akanipa sabuni nusu ya mche, ambayo sijui walikuwa wameitunza tangu lini. Sikuweza kumtazama. Nilikwenda sekondari na sabuni ile, na kila nilipofulia nilijiambia: hii ni nafasi yake. Sikuandika barua. Likizo nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na darasa langu. Sekondari, na baadaye chuo kikuu, nilijulikana kwa kuhoji kila kitu: serikali, Biblia, mihadhara. Wenzangu waliona ni ujasiri. Lilikuwepo swali moja tu nililoogopa kulihoji, nalo lilikuwa na watu arobaini ndani yake.

Basi ndiye huyo aliyeniita mnadani. Putoni, amenenepa vizuri, kitenge kiunoni, mtoto mgongoni. Akanishika mkono kama askari, akanipeleka kwenye mgahawa wake kando ya barabara. Mgahawa wake kabisa! Mabenchi sita, chapati, supu ya mbuzi, na madereva wa magari ya watalii, ambao siku hizi wamerudi kwa wingi, wanapanga foleni. Wakati anamimina chai, Mzungu mmoja alichungulia mlangoni kuuliza njia, na Putoni akamwelekeza kwa Kiingereza kinachotiririka kuliko changu cha shahada. Baba yake alikuwa amefariki bila kuitwa tena kazini. Mwalimu wetu hakurudi kutoka hospitali, alizikwa kwao. Tembe la bibi limeporomoka, na hata bibi mwenyewe hayupo; mahali pale sasa ni shamba la vitunguu.

Sukari ilikuwepo mezani, bakuli zima. Nilikoroga chai mpaka ikapoa. Halafu nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo: kicheko, moto wa masikio, kijito, kwamba nilibuni, kwamba niliwaharibia. Nilisema, "Nafasi yako niliichukua mimi."

Putoni aliweka birika chini. Akaanza kucheka, na mtoto mgongoni akaamka.

"Kolofu, mama yangu," alisema, "wewe bado upo pale?"

Siku ile ile ya kijito, alisema, alifika nyumbani akamwambia baba yake maana niliyompa. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza maana halisi, na akamkanya: usimwaibishe mtoto wa watu, mpelekee majani. Ndiyo yale masimulizi ya kreta. Nilipoyakataa mara mbili, Putoni akachoka na mimi, akawapa wengine maana yenyewe kijitoni, mmoja mmoja. Kila mtu alinikamua mimi kwanza kwa heshima, kisha akaenda kwa Putoni kuchukua maziwa yenyewe. Asubuhi walinirudishia uongo wangu kwa sauti ya chini, nisijisikie vibaya.

"Darasa zima?" nikauliza. "Mbona hamkuniambia tu, kwa mdomo?"

"Ungekubali wewe? Ungetudai ushahidi mpaka jua lizame!" Dereva mmoja akageuka kututazama. "Tulikuogopa kidogo. Na tulikuhurumia kidogo. Usiniulize kipi kilizidi."

Nilitaka kuuliza hasa hilo. Nilitaka kujua kama heshima ile ya watu wa kwetu ni upole au ni woga uliovaa kitenge, na kama kweli mtoto anasaidiwa kwa kuachwa na uongo wake kila asubuhi. Bado nataka kujua. Watu wa umri wangu wanaporudi nyumbani husema zamani tulipendana, na mimi huwa nawauliza wana hakika gani. Darasa lile halipo tena. Siku hizi watoto wana vitabu, hata kama ni kimoja kwa watano, na hakuna anayemwendea mwenzake kumkamua neno. Sijui kama ni hasara. Nilijikuta namuuliza Putoni jambo jingine.

"Siku ya mtihani mlijuaje wote mmepata?"

"Si tulilinganisha pale barazani! Wote C. Hata Ranauti, aliyekosea namba yake mwenyewe ya mtihani. Tukakuita uje tukuombe msamaha kwa kukuficha, ukakimbia kama swala." Alimpiga mtoto mgongoni taratibu ili alale. "Tulijua nawe utakuwa umeligundua. Lilikuwa jepesi."

Akaniongezea chai. Sikumwambia. Watoto arobaini walichora C. B kwenye chumba kile ilichorwa mara moja tu, na aliyeichora ni mimi.